Alama Tatu za Ghanima

Dada yangu Khole hajapata kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Hupiga mafunda mawili akaondoka nacho, na baadaye Mama hukikuta juu ya ukuta wa uani, au dirishani, au juu ya boneti ya gari, chai imepoa na inzi kaingia. Mama husema mtoto huyu alianzia safarini na safari haijamtoka. Alizaliwa Tabora mwaka 1971. Alipotimia miaka mitatu wazee wetu walifunga mizigo, na kabla hawajafika Ibra, huku Oman, alikwisha lala katika nyumba za jamaa Dar es Salaam, Dubai na Matrah. Mimi, Yaqeen, mdogo wake wa kike, nilizaliwa hapa hapa Ibra, yeye akiwa na miaka saba. Nafanya kazi katika ofisi ya serikali Mudhaibi, natoka na gari asubuhi, mchana nimerudi, na kiti nikikikalia nakikalia kweli.

Nimeamua kusimulia habari zake kwa sababu zinasimuliwa pande mbili, na pande zote mbili hazipatii. Kule Marekani husema ni mshairi aliyetoka katika nchi ya wanawake walionyamazishwa, akawasemea. Hapa Ibra husema aliuza siri ya maiti kwa Wazungu. Mimi nilikuwapo kwa sehemu kubwa ya mambo haya. Nitasema nilichokiona.

Baba yetu, Soud, alikuwa fundi wa pampu za maji. Alikuwa mtu mpole, mikono haitoki mafuta, na alifariki mwaka 1995. Mama yetu, Hamda, ni wa Unguja mjini. Alitoka huko msichana mkubwa, na Kiswahili chake ni kama alikifungia sandukuni pamoja na kanga zake, maana hakikuchujuka. Sisi watoto wa huku tulikuwa tukirukia Kiarabu kila neno la pili, na Mama hakutuacha. Ukisema "kitu hii" nyumbani kwetu, chakula kilisimama mpaka useme "kitu hiki".

Kazi ya Mama, ukiacha ya nyumba, ilikuwa kuosha maiti wa kike. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alianza kwa jirani mmoja, watu wakaona mikono yake ina upole na mdomo wake umefungwa, wakaendelea kumwita. Mwanzo ni nyumba zetu za Waswahili tu, wa familia zilizotoka Afrika, baadaye na nyumba za Waarabu ambao hata lugha hawakuelewana naye vizuri. Kila mara, kabla hajaingia, humwambia yule anayemsaidia: "Utakachokiona humu hukukiona."

Mwaka 1990, mwanzoni mwa joto, alifariki Bi Ghanima, mke wa Ami Khalaf. Si ami yetu wa damu, lakini alikuwa rafiki wa baba na ndivyo tulivyomwita. Yeye aliwahi kufanya biashara Mwanza, akarudi Oman na mke mwaka 1968, na alikuwa na duka la vifaa vya magari. Siku hiyo mwanamke ambaye kwa kawaida humimina maji alikuwa amevunjika mguu. Khole alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza shule, yumo nyumbani anasubiri majibu ya kupelekwa masomoni, na kusubiri kunamtafuna. Anahamisha makabati, anafagia palipofagiwa. Mama akamwambia, "Njoo wewe, angalau mikono yako ipate kazi."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nakumbuka walivyorudi. Mikono ya Khole inanukia kafuri na majani ya mkunazi. Hakukaa. Aliuzunguka ua mara sijui ngapi, kisha akasimama mlangoni mwa jiko.

"Mama, zile alama..."

"Hukuona kitu."

"Nimeziona. Tatu, chini ya mbavu, za duara. Ule ni moto, Mama. Nani alimfanyia vile?"

Mama aliweka chini kisu alichokuwa akikatia vitunguu. "Sikiliza, mwanangu. Yule leo tumemsitiri, ili na sisi siku yetu tusitiriwe. Ulichokiona umekizika naye. Khalas."

Khole hakusema tena. Lakini namjua: alinyamaza kama mtu anayemeza kitu cha moto, anachungulia atakitemea wapi.

Majibu yalitoka mwaka uliofuata, akapelekwa Marekani, jimbo la Ohio, kusomea upimaji wa maji. Baba alifurahi kupita kiasi; kazi yake mwenyewe na ya mwanawe zinakutana kisimani. Barua za mwanzo zilikuwa za theluji na chakula kisicho na chumvi. Mwaka wa tatu akaandika kwamba ameingia darasa la ushairi, la kujifurahisha tu. Baada ya hapo habari za maji zilipungua barua hadi barua, na alipopata shahada yake hakurudi. Aliendelea kusoma, safari hii kuandika. Kuna watu kule wanasomea kuandika miaka miwili mizima na kupewa cheti.

Siku alipompigia Mama kumwambia, nilikuwa nimesimama karibu na simu.

"Mshairi?" Mama akasema. "Ushairi si kazi, mwanangu, ni maradhi. Babu yako alikuwa nayo. Haya, nisomee moja."

Khole akajaribu kumgeuzia shairi lake kwa Kiswahili papo hapo, kwa simu, maneno yakimponyoka. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Vina viko wapi?"

"Mashairi ya kule hayana vina, Mama."

"Basi mnajuaje kama limekwisha?"

Alikuja alipofariki Baba, akakaa siku kumi, akaondoka. Akaja tena mara moja, siku tano. Huko kwao alikokufanya kwao alikuwa akihama nyumba kila mwaka. Daftari langu la anwani lilijaa jina lake peke yake, nimekata na kuandika, nimekata na kuandika. Alifundisha katika chuo kidogo, kisha kingine. Mwaka 1998 akatoa kitabu, na mwaka uliofuata kitabu kikapata tuzo. Akatuletea kipande cha gazeti chenye picha yake, amekata nywele. Nikamtafsiria Mama: "mshairi wa Kimarekani mwenye asili ya Oman".

"Mmarekani kwa nani?" Mama akauliza. Lakini kile kipande alikitia ndani ya Msahafu wa Baba, kikakaa humo.

Kitabu chenyewe hakutuletea. Nilimwomba mara mbili, akasema atakuja nacho mwenyewe.

Tulikijua mwaka 2004, na hakikuja kwa mkono wake. Ghadeer, mjukuu wa Bi Ghanima, alikuwa akisoma Kiingereza katika chuo kimoja cha Nizwa. Mwalimu wake, mama mmoja wa Kimarekani, aliingia darasani amefurahi. Alikuwa amepata, katika mkusanyo mpya wa mashairi, shairi lililoandikwa na binti wa nchi hii hii, tena wa Sharqiyah, mkoa wetu wa Ibra. Akagawa nakala, akamwomba Ghadeer alisome kwa sauti kwa sababu yeye ni wa Ibra. Jina la shairi ni "Ghanima wa Ibra".

Ghadeer aliniambia baadaye kwamba alisoma mistari minne, kisha akaketi. Shairi lilichezea jina: kwamba kwa Kiarabu *ghanima* ni ngawira, kitu kilichotekwa vitani. Likasema juu ya alama tatu chini ya mbavu, kila moja kama sarafu. Likasema juu ya mume aliyechukua chuma kwenye moto wa kahawa, na mji mzima ulioosha maiti yake ukaukunja ukimya ndani ya sanda. Mwisho wa ukurasa pameandikwa jina la mwandishi, Khole Soud.

Alhamisi ya wiki ile ile alifika kwetu. Hakuvua viatu, alisimama ukumbini na ile karatasi. Mama hajui Kiingereza, akanigeukia mimi. "Nisomee."

Sijawahi kutafsiri kitu kizito vile. Nilipofika kwenye chuma nilisita, Mama akasema, "Endelea, usiruke." Nikaendelea mpaka mwisho.

"Mimi sikusema," Mama akamwambia Ghadeer, polepole. "Miaka yote hii, wallahi, sikumwambia hata baba yao."

"Nani mwengine alikuwamo mle chumbani?"

Mama alikaa kitako chini, si kwenye kiti. "Mwanangu Khole. Nilimpeleka mimi. Kwa hiyo kosa ni langu."

"Babu yangu ana miaka sabini na tano, Bi Hamda. Jana ndugu yangu mdogo amemuuliza kama ni kweli alimchoma Bibi kwa chuma. Unajua alijibu nini? Aliinuka akatoka nje." Ghadeer aliikunja karatasi. "Hakusema ndiyo, hakusema hapana."

Ibra si mji mkubwa. Jumatano inayofuata Mama alikwenda soko la wanawake kununua udi na vitambaa kama desturi yake, na alirudi mapema, kapu tupu. Alisema jua kali. Niliambiwa na wengine kwamba kila alipokaribia, mazungumzo yalikatika, na muuzaji mmoja aliyemjua kwa miaka ishirini alimhudumia bila kumwangalia. Kisha akafa mama mmoja nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulisikia kilio. Mama alitawadha, akavaa, akakaa karibu na mlango na kifurushi chake cha pamba na kafuri, akingoja kuitwa. Tukasikia gari likipita. Walikuwa wamekwenda mpaka Sinaw kumtafuta mwosha. Mama aliendelea kukaa pale mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, ndipo akaenda kukirudisha kifurushi kabatini.

Siku hiyo nilimpigia Khole, na sikumpa salamu.

"Ulimwona Ami Khalaf akimchoma?"

"Yaqeen, lile ni shairi. Anayesema ndani ya shairi si..."

"Ulimwona?"

"Niliona alama."

"Sikukuuliza alama. Nimekuuliza mtu."

Nikamweleza yote: ile karatasi, soko, gari lililopita. Nilikuwa nikisikia mlio wa viatu vyake, anatembea huku na huku kwenye sakafu ya mbao. Mwisho akasema, "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliamini. Nilipoandika nilikuwa nimeshaamini kwa muda mrefu hata sikujiuliza."

"Basi njoo ujiulize hapa."

Alifika mwezi wa kwanza mwaka 2005, siku chache baada ya Idi ya kuchinja. Mama alimpokea mlangoni, akamkumbatia, akamlaza chumba chake cha zamani, na baada ya hapo hakumsemesha. Si kwa hasira ya makelele. Alimpakulia chakula, alimkunjia nguo, lakini neno halikumtoka. Khole alimwomba radhi mara ya kwanza jikoni, mara ya pili kwenye mswala, na Mama alitikisa kichwa tu, akaendelea na tasbihi yake. Khole akawa anakwenda na kurudi ndani ya nyumba mpaka mimi nikapata kizunguzungu.

Siku ya nne nilimpeleka kwa Ami Khalaf. Tulimkuta sebuleni amekaa juu ya zulia, mgongo wima, bakora pembeni. Ghadeer ndiye aliyetumiminia kahawa. Alimpa Khole finjani bila kusema "karibu".

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Kaa chini, binti Soud." Alimwacha akae, akamwacha aangalie tende asizokula. "Baba yako aliniambia unakwenda kusoma maji."

"Ndiyo, Ami. Nilibadilisha."

"Hm."

Khole akaanza kusema maneno aliyoyatayarisha, nusu Kiarabu, nusu Kiswahili, na mzee akainua mkono.

"Ngoja. Wewe umesema, nchi nzima ya Marekani imesikia. Sasa na mimi niseme, unisikie wewe tu. Mwaka sitini na tisa, hatuna hata mwaka mmoja tangu tutoke Mwanza, Ghanima akashikwa na manjano. Macho yake kama bizari. Hali, hanywi. Hapa hospitali hakuna. Iko Matrah, na gari la kukodi sikulipata siku tatu. Watu wakaniambia Mudhaibi yuko mzee anachoma, anatibu manjano kwa moto. Mimi sikutaka. Nimekaa Mwanza, nimezoea hospitali na masista na sindano. Ghanima ndiye aliyesema, 'Nipeleke, Khalaf, mimi nakufa.' Nikampeleka juu ya punda, nimemfunga kwangu kwa shuka asianguke."

Alikohoa.

"Yule mzee akatia chuma motoni. Akasema anataka mtu wa kumshika mikono. Nikamshika mimi. Mara tatu. Mara ya tatu alining'ata hapa," akagusa bega lake la kulia juu ya kanzu, "na alama ya meno yake ninayo mpaka leo. Hiyo hukuiona, kwa sababu mimi bado hujaniosha."

Ghadeer alikuwa amesimama na birika mkononi. Naona hata yeye alikuwa akiyasikia haya kwa mara ya kwanza.

"Akapona?" Khole akauliza kwa sauti ndogo.

"Akapona. Kwa moto ule au kwa amri ya Mungu, sijui. Akaishi miaka ishirini na moja, akanizalia watoto watano. Sasa mtoto ananiuliza, 'Babu, ulimchoma Bibi?' Nimwambie nini? Nikisema hapana, ile mikono iliyomshika ni ya nani? Nikisema ndiyo, atafahamu kama ulivyofahamu wewe."

Khole alikuwa analia, na hata kulia kwake hakutulii, anafuta uso, anainuka nusu, anakaa tena. "Niambie unataka nini, Ami. Nitafanya."

"Unaweza kulifuta?"

"Siwezi. Nitawaandikia wachapishaji, walitoe kitabu kikichapwa tena. Lakini yaliyokwisha kutoka yametoka."

"Basi andika jengine. Kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho mimi na Ghanima tulichokuwa tukisemeshana. Na liwe shairi la kweli, la vina. Uje ulisome hapa mbele ya wajukuu wangu wote."

Njiani, ndani ya gari, Khole aliniambia, "Sijui kuandika kwa Kiswahili, Yaqeen." Mwanamke aliyepewa tuzo, anaufungua na kuufunga mkanda wa gari.

Alichukua wiki tatu. Alikuwa akiandika amesimama, karatasi juu ya friji, kisha anazunguka meza akihesabu mizani kwa sauti. Maneno hana. Anatafuta neno, linamjia la Kiarabu. Analikataa, linamjia la Kiingereza. Siku ya tisa tangu afike, Mama alikuwa akishona sebuleni, na Khole anapita na kurudi akijisomea: "Mkono iliomwinua, mkono iliomwinua..."

"Ulomwinua!" Mama akapiga kelele, sindano imesimama hewani. "Mkono uliomwinua! Mkono ni wa *u*, si wa *i*! Nimekulea bure?"

Khole alisimama. Mama naye kama aliyeshituka kwa sauti yake. Kisha akasogeza kitambaa pembeni, akapiga zulia kwa kiganja. "Kaa hapa. Soma tangu mwanzo."

Tangu hapo wakawa wanakaa pamoja kila baada ya alasiri. Mama akihesabu mizani kwa vidole juu ya goti, nane na nane, na akimkatalia neno baada ya neno. Khole akibishana, akitoka, akirudi. Sharti moja Mama alilitia tangu siku ya kwanza: "Mwili wake usiutaje tena hata kidogo. Si mbavu, si ngozi, wala hizo alama usizihesabu. Sema makosa yako wewe. Yake umeshayasema ya kutosha."

Ijumaa moja ya mwezi wa pili, baada ya swala ya alasiri, tulikwenda wote watatu. Wajukuu walikuwa wamejaa sebule, wengine wameletwa kutoka Sur. Mama aliingia kichwa kimeinama na kukaa karibu na mlango. Khole alisimama katikati na karatasi yake. Beti zilikuwa sita. Mimi nimehifadhi moja, ya nne:

Nilisema sikujua, kalamu ikanituma,
Alama nikazifua, nikazifanya tuhuma,
Mkono ulomwinua, ndio niliousema,
Mzigo leo natua, natubu kwa kuungama.

Si shairi kubwa. Khole mwenyewe anasema ni shairi la mwanafunzi. Ami Khalaf alimwomba arudie mstari wa tatu, akaurudia. Mzee akafunga macho. Kisha akawaambia wajukuu wake, kwa sauti ya kawaida tu, habari ya manjano, na punda, na Mudhaibi, na kwamba yeye ndiye aliyemshika bibi yao mikono. Yule mdogo aliyekuwa ameuliza akamwendea akakaa mapajani mwake.

"Limefika," mzee akamwambia Khole. "Mungu akusamehe. Mimi nimesamehe."

Ghadeer hakusamehe. Alitusindikiza mpaka kwenye gari, kwa adabu, na hapo akasema, "Babu ni babu. Lakini Jumamosi mimi narudi darasani, na darasani mimi ni mjukuu wa yule mwenye chuma. Hizi beti zako sita nani kule atazisoma?"

Khole akasema, "Nitakuja nizisome."

Na alikwenda. Aliomba ruhusa, akasimama mbele ya darasa la Ghadeer huko Nizwa, akawaambia kwamba lile shairi alilibuni mahali alipopaswa kuuliza. Yule mwalimu wa Kimarekani alijaribu kumsaidia, akieleza uhuru wa mshairi, na Khole akamwomba asimsaidie. Ghadeer alikaa safu ya nyuma. Hawajawa marafiki. Lakini siku ya Idi iliyofuata alileta sahani ya halwa kwetu, akampa Mama mkononi.

Mwezi wa tano alifariki dada wa Ami Khalaf, na kabla hatujasikia hata kilio, gari lake lilikuwa limesimama mlangoni kwetu kumchukua Mama. Baada ya hapo nyumba nyengine zikafuata, moja moja, bila mtu kusema kitu. Mama alinitaka mimi nikamiminie maji. Khole hakuombwa, na hakujitolea.

Alipata kazi ya kufundisha Nizwa, akakaa miaka miwili, muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa mahali popote tangu aondoke. Alikuwa akija Ibra kila Alhamisi, na njiani akipita Misfat al Abriyeen, kijiji cha mlimani, hata kama si njia yake, apande ngazi za mashamba mpaka apungukiwe pumzi. Nilidhani ametua. Kisha akaalikwa Marekani kusoma mashairi yake mbele ya watu, akaenda.

Alinipigia kutoka huko, kwangu ni asubuhi, niko ofisini. Alikuwa anatembea barabarani, nasikia magari.

"Waliniomba nisome 'Ghanima'. Nikasema silisomi tena. Wakauliza kwa nini. Nikawaambia yote, Yaqeen, ya Ami, ya Mama, ya lile gari. Unajua halafu walifanya nini?"

"Nini?"

"Wakapiga makofi. Wamesimama. Mwanamke mmoja amenifuata mlangoni ananiambia hiyo habari ni nzuri kuliko shairi, niiandike." Alikuwa anahema. "Hata hilo wamelipigia makofi."

Nikamuuliza anarudi lini. Akasema hajui.

Alirudi baada ya miezi saba, lakini Nizwa hakukutaka tena. Sasa anafundisha Sur, anakaa kwenye nyumba ya kupanga ambayo hajafungua maboksi yote. Mchapishaji wake anamwulizia kitabu cha pili kila mwaka. Alikuwa na mashairi arobaini tayari. Kila anapotaka kuyatuma huyasoma tena yote, na kila moja lenye mtu ambaye hakumwomba ruhusa hulitoa. Wiki iliyopita aliniambia yamebaki kumi na moja.

Nikamwambia, "Basi tuma hayo hayo, upumzike."

"Mawili bado yana Mama ndani," akasema, na nikasikia mlango wake ukifunguka, anatoka tena nje.